Hodi Haijipigi Yenyewe

Mwaka huu umeshasema mara ngapi kwamba huna koneksheni?

Umesema kijiweni. Umesema kwenye magrupu ya WhatsApp. Umemwambia mama yako alipouliza zile barua za maombi ya kazi zimeishia wapi. Fulani kaingia kwa sababu mjomba wake yumo ndani, fulani kabebwa, fulani ana watu wake. Wewe huna watu.

Haya. Nina swali moja.

Jirani yako wa nyumba ya tatu anafanya kazi gani?

Hujui. Umekaa mtaa huo miaka minne. Kila asubuhi mnapishana, yeye akiwasha pikipiki, wewe umeinamia simu. Huenda ni mhasibu. Huenda ni fundi umeme aliyechoka kutafuta kijana mwaminifu wa kumbebea vifaa na kujifunza kazi. Huenda ni mtu wa kawaida kabisa, ila dada yake anasimamia ghala Kurasini. Hujui, kwa sababu hujamwuliza. Hujamwuliza, kwa sababu salamu yenu haijawahi kuvuka "mambo" na "poa".

Halafu unasema huna watu!

Watu unao. Wamekujaa pande zote. Kwenye daladala umebanana nao mpaka kupumua ni kwa zamu. Msikitini unasimama nao bega kwa bega, kanisani unashika nao kitabu kimoja cha nyimbo, chuoni umekaa nao ukumbi mmoja miaka mitatu. Unachokosa ni ujuzi wa kuanza maneno, kuyaendeleza na kuyamaliza vizuri. Na ujuzi, kijana wangu, haurithiwi. Hufanyiwa mazoezi.

Unajua kinachonikera? Sauti unayo. Nyumbani ukisimulia jinsi konda alivyogombana na abiria, watu wanashika mbavu. Ukijirekodi kwenye grupu la wenzako, wanakusikiliza mara mbili. Una jicho la kuona mambo, una maneno, una ucheshi. Lakini ukikalishwa kwenye chumba cha usaili mbele ya watu watatu wenye kalamu, wakakwambia "tueleze kuhusu wewe", yule mtu hayupo. Anabaki kijana anayejibu maneno mawili mawili huku akisugua magoti.

Yule mcheshi amekwenda wapi?

Amelala. Amelala kwa sababu hujampa kazi.

Najua utakachosema. "Mimi ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa kimya tangu utotoni."

Ukimya haujawahi kuwa kosa. Wapo watu wa kimya ambao wakifungua mdomo, kikao kizima kinageuka kuwasikiliza. Siulizi kama unapenda kukaa kimya. Nauliza hivi: ukitaka kusema, unaweza? Ukipunjwa chenji, unadai? Mwalimu akikosea kukujumlishia alama, unamfuata ofisini? Usipoelewa maelekezo ya bosi siku ya kwanza kazini, unauliza tena, au unaitikia "sawa" halafu unakwenda kuharibu? Kama unataka kusema na unashindwa, huo ni woga. Tuuite kwa jina lake.

Na woga una dawa. Ngoja nikupe mtu wa kimya uone.

Mwaka 1893 kijana wa miaka 23 alipanda meli Bombay akielekea Afrika Kusini. Meli ilitia nanga Lamu, ikaja Mombasa, ikaja Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya wiki moja kabla ya kuendelea na safari. Alikuwa wakili. Wakili asiyeweza kusema mbele za watu.

Sitanii. Akiwa mwanafunzi wa sheria London aliingizwa kwenye kamati ya chama cha watu wasiokula nyama, vikao vikawa vinapita yeye kimya. Siku moja jambo likamgusa mpaka akaandika maoni yake kwenye karatasi, na bado akashindwa kuyasoma. Ikabidi mwingine amsomee. Akarudi India, akapata kesi yake ya kwanza katika mahakama ya madai madogo ya Bombay. Akasimama kumhoji shahidi. Kichwa kikazunguka. Swali halikuja hata moja. Akakaa chini, akasema kesi apewe wakili mwingine, akatoka haraka hata asijue kama mteja wake alishinda au alishindwa.

Jina lake Mohandas Gandhi. Ndiyo, yuleyule.

Sasa tazama alichofanya alipofika Pretoria mwaka huohuo. Hakukaa chumbani akisubiri ujasiri umshukie. Alijiwekea kazi moja inayoeleweka: kufahamiana na kila Mhindi anayeishi Pretoria. Kila mmoja. Akaanza na mtu mmoja mwenye jina, mfanyabiashara mkubwa aliyeitwa Tyeb Haji Khan Muhammad, ambaye, angalia vizuri, alikuwa upande wa pili wa kesi ileile iliyompeleka Gandhi Afrika Kusini. Akamweleza nia yake, akamwomba msaada. Kikao kikaitishwa nyumbani kwa mfanyabiashara mwingine. Yule aliyekimbia mahakamani Bombay akasimama, akawaambia wafanyabiashara kuhusu ukweli katika biashara. Mwenyewe aliihesabu hiyo kuwa hotuba yake ya kwanza mbele za watu.

Hakuishia hapo. Alitangaza kwamba yeyote anayetaka kujifunza Kiingereza atamfundisha, na atamfuata alipo. Wakajitokeza watatu: kinyozi, karani na mwenye duka dogo. Akawafundisha. Vikao vikaendelea, na ikafika mahali ambapo hapakuwa na Mhindi Pretoria asiyemfahamu.

Umeuona mpango wake? Alikuwa na lengo linalohesabika. Alikuwa na mtu wa kwanza wa kumfuata. Alikuwa na ombi lisilozungukazunguka. Na hakwenda mikono mitupu: alijua Kiingereza, akakigawa.

Wewe una nini cha kugawa?

Usiniambie huna. Unajua kujaza maombi mtandaoni. Mtaani kwako kuna binti anahangaika kuomba mkopo wa chuo na baba yake hajui pa kuanzia. Unajua hesabu za kidato cha pili. Mtaa una watoto wangapi wanaofeli hesabu? Unajua kumwekea mzee picha za wajukuu kwenye simu yake. Mtu mwenye kitu cha kutoa hana haja ya kutafuta neno la kuanzia. Anagonga, anapiga hodi, anasema alichokuja nacho.

Hapa niseme na wazazi kidogo, maana nao wanasoma. Sisi ndio tuliowalea hivi. "Nyamaza, wakubwa wanaongea." "Usimkazie macho mtu mzima." Mgeni akija, mtoto anasema shikamoo kisha anapotea chumbani. Miaka ishirini tunamsifu kwa kunyamaza, halafu mwaka wa ishirini na mbili tunamlaumu kwamba usaili umemshinda! Adabu ni jambo jema na hatuiachi. Lakini mtoto anaweza kuwa na adabu na akawa na sauti. Mwache aagize mwenyewe dukani. Kwa daktari, mwache aeleze mwenyewe anapoumwa. Mgeni akifika, mwache ampokee, amkaribishe, akae naye dakika tano mpaka mwenyeji atoke ndani.

Nimemaliza na wazazi. Wewe usitabasamu, kisingizio hicho sikupi. Walikulea walivyojua. Mdomo sasa ni wako.

Basi unataka nini hasa?

"Nataka nijiamini." "Nataka niwe mchangamfu." "Nataka nijue kuongea na watu."

Hayo ni matamanio. Unaweza kuyabeba miaka kumi bila kufanya chochote, na hakuna siku utakayojua kama umefika au hujafika. Mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Locke aliandika tangu mwaka 1968 kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu "fanya uwezavyo". Tafiti nyingi zilizofuata zikakubaliana naye. "Fanya uwezavyo" ni mto laini wa kulalia. Kila unachofanya, hata kidogo namna gani, utajiambia ndio uwezo wako.

Kwa hiyo andika hivi: "Kabla ya Ijumaa saa kumi jioni nitauliza swali moja kwa sauti darasani."

Swali moja. Darasani. Kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikifika, jibu ni ndiyo au hapana. Hakuna "nilijaribu". Hakuna "nilikuwa karibu kuuliza". Uliuliza?

Na ulinde lengo lako na kosa moja linalowaangusha wengi: kujiwekea lengo ambalo liko mikononi mwa mtu mwingine. "Mwezi huu nipate marafiki watatu." Urafiki una watu wawili, huwezi kuahidi kwa niaba ya mwenzako. "Yule dada anipende." Hilo ni lake. Wewe hesabu kinachotoka kwako: salamu ngapi ulitoa, maswali mangapi uliuliza, simu ngapi ulipiga, mara ngapi ulisimama. Wakijibu, vizuri. Wasipojibu, hesabu yako imetimia vilevile. Je, unaona uhuru uliomo humo? Kwa mara ya kwanza ushindi wako hautegemei uso wa mtu.

Kisha lifunge lengo kwenye tukio ambalo litatokea tu, utake usitake. Mjerumani Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu anayepanga "likitokea hili, nitafanya hili" hutekeleza zaidi kuliko yule mwenye nia peke yake. Usiseme "nitakuwa nasalimia watu". Sema: "Mtu akikaa siti ya pembeni yangu, nitamsalimia kabla gari halijatoka kituoni." Mtu atakaa tu. Hiyo ni daladala, siti haibaki wazi. Akikaa, saa yako imegonga. Usisubiri moyo utulie, maana hautulii. Salimia moyo ukidunda hivyohivyo.

Lugha yetu imekurahisishia. Kuna watu duniani wanaotafuta neno la kumwanzia mtu wasiyemjua wakalikosa. Wewe umepewa shikamoo. Umepewa habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za tangu juzi. Mlango umewekwa wazi, na hakuna mzee atakayeona ajabu ukimsalimia. Ataona ajabu usipomsalimia. Halafu unaniambia hujui uanzie wapi?

Anzia hapo.

Ila usiishie hapo, kwa sababu ugonjwa wa vijana wengi hauko kwenye salamu, uko kwenye hatua inayofuata. Tazama mazungumzo haya.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Nauza vipuri vya pikipiki."

"Ahaa, sawa."

Yamekufa. Umeyaua wewe. Mtu kakupa neno zuri kabisa, vipuri, wewe ukaliacha likaanguka chini. Kumbe hukuwa unasikiliza. Ulikuwa unasubiri zamu yako, ukiwaza useme nini. Mara nyingi mwoga hana masikio, maana masikio yote ameyaelekeza ndani mwake: sauti yangu ikoje, nimevaaje, ananionaje.

Geuza masikio nje. Uliza swali la pili.

"Kipindi hiki cha mvua ni vipuri gani vinatoka zaidi?"

Sasa umemgusa. Atakueleza habari za cheni na breki, atakueleza bodaboda wanavyokopa na wanavyolipa, atakueleza mzigo anautoa wapi na nani alimfundisha. Dakika kumi zimepita, umesema sentensi mbili, na yeye ataondoka akiamini wewe ni mtu wa maana sana. Swali la pili haliwezi kuandaliwa nyumbani. Linazaliwa na jibu la kwanza, kwa hiyo linakulazimisha usikilize. Kama ningekuwa na nafasi ya kukupa lengo moja tu la mwezi mzima, lingekuwa hili: kila siku, kwa mtu mmoja, uliza swali la pili.

Mtu wa kimya, unaona kwamba kazi hii inakufaa wewe kuliko wale wenye domo? Wao hawasikilizi. Wewe umekuwa ukisikiliza maisha yako yote.

Na simu! Simu ikiita unaitazama mpaka ikatike, kisha unatuma ujumbe: "Ulinipigia?" Aliyekupigia anakuona uko hewani. Tangazo la nafasi ya kazi limewekewa namba ya simu. Wewe unatafuta kama kuna barua pepe. Kuna kijana mwingine, mwenye cheti cha chini kuliko chako, ambaye amepiga, ameuliza ofisi iko jengo gani na mtu wa kuonana naye ni nani. Kesho yupo mlangoni. Nani kabebwa hapo? Kajibeba mwenyewe.

Andika kwenye karatasi mambo matatu unayotaka kusema. Simama, usipige ukiwa umelala. Jitambulishe kwa majina yako mawili. Sema shida yako. Shukuru. Kata. Simu tatu za namna hiyo kwa wiki, na mwezi ukiisha utashangaa ulichokuwa unakiogopa.

Lakini watanicheka. Lakini watanikataa. Lakini nitaonekana najipendekeza.

Sikiliza. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliokutanishwa kuzungumza, kisha kila mmoja akaulizwa kivyake: umempenda kiasi gani mwenzako, na unadhani yeye amekupenda kiasi gani? Watu walikosea upande mmoja. Walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Wakati wewe umelala macho wazi usiku ukirudia lile neno ulilokosea, mwenzako amebaki na kumbukumbu ya kijana mwenye heshima aliyemwuliza habari za kazi yake. Umejihukumu kwa ushahidi usiokuwepo.

Na wakikukataa kweli?

Watakukataa! Nani alikuahidi vinginevyo? Mmarekani Albert Ellis, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanasaikolojia wakubwa wa karne ya 20, akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa mno kuongea na wanawake. Akajipa amri: kwa mwezi mzima atakwenda kila siku kwenye bustani ya mimea ya Bronx, New York, na mwanamke yeyote atakayemkuta ameketi peke yake kwenye benchi ataketi hapo na kumwongelesha ndani ya dakika moja. Kwa hesabu yake mwenyewe aliwafikia wanawake 130. Thelathini waliinuka wakaondoka. Mia moja waliongea naye. Mmoja akakubali kuonana naye tena, na siku ilipofika hakutokea.

Matokeo: sifuri.

Na bado alihesabu mwezi ule kuwa ndio uliomponya. Kukataliwa kote kule hakukumuua, na woga uliomtesa miaka yote ukaisha nguvu. (Vijana wa kiume, sijawatuma mkawasumbue dada zetu bustanini. Mtu akionyesha hataki maneno, muage na uondoke. Kujua wakati wa kuondoka ni sehemu ya ujuzi huu. Na wewe dada, salamu yako si mkataba. Chagua pa kufanyia mazoezi: darasani, kazini, kwenye kikundi, mahali penye watu.)

Wewe umekataliwa na wangapi mwaka huu? Wawili? Mmoja? Hakuna kabisa? Basi hujaanza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kila ujuzi wa watu una lile tone lake la aibu mwanzoni, na hakuna njia ya kulizunguka. Utatamka vibaya. Utasahau jina la mtu dakika moja baada ya kutajiwa. Mwulize tena, hana neno. Utasimama kwenye kikao cha ukoo utoe neno la shukrani, ukwame katikati, na shangazi yako atakupigia makofi kwa nguvu kuliko wote.

Umetazama video ngapi za namna ya kujiamini? Umehifadhi ngapi? Umetazama pia mechi zote za Simba na Yanga tangu ukiwa mtoto, na hakuna kocha aliyekuita kikosini. Bando limeisha, bado hujamsalimia jirani.

Tena, wale watu usiowazoea, wa salamu tu, ndio hasa unaowahitaji. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyobadili namna wasomi wanavyofikiri juu ya jambo hili. Aliwachunguza wanaume wa kazi za kitaalamu na uongozi katika mji wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadili kazi. Akawauliza waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mnaonana naye mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra.

Unaelewa maana yake? Marafiki zako wa kijiweni wanajua unachokijua wewe. Mmesoma tangazo lilelile, mmekosa nafasi ileile, mnalalamika pamoja. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo: aliyemaliza chuo miaka miwili kabla yako, mama aliyekaa nawe kwenye basi la Morogoro, fundi uliyemwuliza swali la pili. Hiyo ndiyo koneksheni unayoililia. Inatengenezwa kwa salamu, jina, swali, namba ya simu, na ujumbe mmoja baada ya wiki: "Habari, ni mimi yule wa kwenye basi, yule mtoto amepona?"

Ndiyo, kuna wanaobebwa na wajomba. Ni dhuluma na ipo, sikufichi. Lakini wewe mjomba huna, sasa utakaa unamsubiri azaliwe?

Yako mengine sitayarefusha kwa sababu unayajua, huyatendi tu. Jifunze kusema hapana bila kutoa hotuba: "Samahani, hiyo sitaweza." Jifunze kuomba radhi bila "lakini" katikati. Jifunze kumsifu mtu kwa jambo mahususi alilofanya, usisubiri azikwe.

Ukitaka uwanja wa mazoezi, viwanja vipo. Klabu za Toastmasters, mtandao wa kujifunza kuongea hadharani ulioanzia California mwaka 1924, zipo Dar es Salaam na Nairobi, na mgeni anaweza kuhudhuria aone. Wana zoezi ambapo unapewa mada papo hapo na unaizungumzia dakika moja au mbili tu. Kama hakuna klabu mkoani kwako, kwaya ipo. Madrasa ipo, na mwalimu anatafuta msaidizi wa kushika watoto. Timu ya mtaa inakosa katibu. Kikundi cha kuweka akiba cha mama yako kinahitaji mtu wa kusoma taarifa ya fedha kwa sauti kila kikao. Jitolee. Sema "nitasoma mimi" kabla akili haijapata nafasi ya kukuzuia.

Jambo moja nilitenge. Kama unapowaza kukutana na watu unatetemeka, unakosa usingizi, unaacha kwenda masomoni au kazini, na hali hiyo imedumu miezi, usijipige kwa makala ya hamasa. Hilo ni la kitabibu, na lina tiba. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara za afya ya akili. Kwenda pale na kueleza unavyojisikia ni lengo zuri kuliko yote niliyoyataja.

Wengine wote, hamna ruhusa ya kuondoka.

Utaanza lini? Jumatatu? Mwezi ujao? Ukimaliza mitihani? Ukipata nguo nzuri? Mwaka mpya?

Mwaka mpya uliopita ulisema hivyohivyo.

Una miaka 19, 22, 26. Umri huu watu bado wanakuvumilia. Ukiuliza swali la kijinga, wanasema bado anajifunza. Ukikosea maneno, wanasema kijana huyu. Ukifika miaka arobaini, cheo begani, hawatakuwa wapole hivyo. Makosa ni nafuu sasa. Yafanye sasa, yafanye mengi, yafanye mbele za watu.

Chukua kalamu. Kalamu, usichukue simu, maana ukiifungua hutarudi. Andika jina la mtu mmoja ambaye umekuwa ukimkwepa miezi yote hii: mwalimu wa zamani, ndugu mwenye karakana, mkuu wa idara, yule jirani. Andika utakachomwambia, mistari mitatu, isizidi. Andika saa. Iwe leo, kabla ya saa mbili usiku, maana baada ya hapo utajiambia amelala.

Umeandika?

Nenda kampigie.